Testosteroni Tele, Mbegu Hakuna: Kipokezi Kinachoamua Ndani ya Korodani

Mwanamume anaweza kutoka maabara na karatasi mbili ambazo, ukizisoma kwa haraka, zinakanushana. Ya kwanza ni ya damu, nayo inaonyesha kwamba testosteroni imevuka kiwango cha juu cha kawaida. Ya pili ni ya shahawa: mtaalamu wa maabara ametazama tone chini ya hadubini, akaizungusha sampuli iliyobaki kwa mashine hadi ikatoa mashapo, akayatazama mashapo hayo pia, kisha akaandika kwamba hakuna mbegu hata moja iliyoonekana. Mara nyingi mwenye karatasi za namna hii ni kijana mwenye afya na mabega mapana, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akijidunga testosteroni ili ajaze misuli. Homoni ya kiume anayo kuliko wenzake wote pale jimu. Inakuwaje basi akose kitu ambacho, kwa anavyojua yeye, homoni hiyo ndiyo inayokitengeneza?

Kosa limo katika neno la mwisho. Testosteroni haitengenezi mbegu za kiume. Ni ujumbe, na ujumbe hauna kazi pasipo wa kuupokea. Mpokeaji ni protini iitwayo kipokezi cha androjeni, androjeni likiwa jina la jumla la homoni za jamii ya testosteroni. Mahali kipokezi hicho kilipo, mahali kisipokuwepo, na kiasi cha homoni kinachokifikia mahali hapo ndiyo mambo yanayoamua kama mbegu zitapatikana.

Kipokezi chenyewe ni mnyororo wa asidi amino zipatazo 920. Hukaa ndani ya seli, tofauti na vipokezi vya homoni nyingine nyingi ambavyo hukaa juu ya utando wa seli, na sababu ni kwamba testosteroni ina asili ya mafuta na hupenya utando huo bila kupiga hodi. Ndani hukikuta kipokezi kimeshikiliwa na protini nyingine zinazokizuia kisifanye lolote. Homoni ikishaingia katika kishimo chake ndani ya protini hiyo, umbo la kipokezi hubadilika, walinzi wake hukiachia, nacho huhamia kwenye kiini cha seli, huungana na kipokezi mwenzake na kuishika DNA katika sehemu maalumu zilizo jirani na jeni fulani fulani. Hapo ndipo jeni hizo huwashwa au kuzimwa. Vitabu vya shule hupenda mfano wa kufuli na ufunguo, lakini mimi naona haufai sana hapa, kwa kuwa kufuli likishafunguliwa kazi yake imekwisha, ilhali kipokezi kikishapata homoni ndipo kazi yake inapoanza. Afadhali kukifananisha na msimamizi wa zamu anayesubiri barua langoni: barua ni ya mistari miwili tu, lakini akishaisoma huingia ndani na kugawa kazi. Seli isiyo na msimamizi huyo haijui kama testosteroni ipo, hata ikiogeshwa humo.

Sasa tuitazame korodani yenyewe. Kipande chake chembamba, kikitiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, huonyesha miduara mingi iliyobanana, na kila mduara ni mrija mwembamba uliokatwa kwa upana. Katika nafasi zilizo baina ya mirija hiyo kuna vishada vya seli ambazo Franz Leydig, mtaalamu wa Ujerumani, alizieleza mwaka 1850. Hizo ndizo zinazotengeneza testosteroni. Ndani ya mrija, jicho likianzia ukutani na kwenda katikati, linaona safari nzima ya mbegu ikiwa imepangwa kwa tabaka: ukutani seli shina, juu yake seli kubwa zilizo katikati ya kugawa kromosomu zake, kisha seli ndogo za mviringo, na mwisho, karibu na uwazi wa katikati, mbegu zilizokwisha kurefuka, vichwa vikiwa vimezama katika kitu kinachofanana na tope jepesi na mikia ikielea. Safari hiyo huchukua siku 74 hivi kwa binadamu.

Hilo linalofanana na tope ndilo lenye siri. Ni mwili wa seli ndefu zinazoanzia ukuta wa mrija hadi katikati yake, zenye mikunjo na mifuko isiyohesabika, na kila mbegu inayokua imepakatwa katika mfuko mmojawapo. Mwitaliano Enrico Sertoli alizieleza mwaka 1865, akiwa kijana wa miaka 23, na tangu hapo zinaitwa kwa jina lake. Seli za Sertoli ni walezi kwa maana kamili ya neno hilo: hulisha, hushikilia, hukinga, hula mabaki, na wakati ukifika huachilia. Ukitafuta kipokezi cha androjeni katika korodani ya mtu mzima utakiona ndani ya seli hizi, ndani ya seli za Leydig, na ndani ya seli bapa zinazouzunguka mrija. Katika seli zinazogeuka kuwa mbegu, ambako wengi wangetarajia kukikuta, hakina kazi.

Dai hilo lilihitaji ushahidi, na ushahidi ulitoka kwa panya. Mwaka 1970 mtaalamu wa jenetiki wa Uingereza, Mary Lyon, akiwa na mwenzake Susan Hawkes, alieleza juu ya panya madume ambao miili yao haikuitikia testosteroni kabisa, kwa sababu ya kasoro iliyo katika kromosomu X. Panya hao walikuwa na korodani ndogo zilizobaki tumboni, zisizo na mbegu. Swali likawa hili: je, mbegu zimekosekana kwa sababu seli zake zenyewe haziisikii homoni, au kwa sababu walezi wake hawaisikii? Mwaka 1975 Lyon na wenzake walilijibu kwa njia ninayoiona kuwa ya werevu mkubwa. Waliunganisha viinitete viwili, kimoja chenye kasoro na kimoja cha kawaida, akazaliwa panya mmoja mwenye seli za aina zote mbili zilizochanganyika. Katika panya hao, seli zenye kasoro, zikilelewa mahali penye walezi wazima, zilitoa mbegu kamili. Seli ya mbegu, kumbe, inaweza kuwa kiziwi kwa testosteroni tangu mwanzo wa safari hadi mwisho na isipungukiwe na kitu, mradi anayeilea anasikia.

Nusu ya pili ya ushahidi ilisubiri karibu miaka thelathini, hadi ilipowezekana kukata jeni katika aina moja ya seli na kuiacha salama mwilini kote. Mwaka 2004 vikundi vitatu vya watafiti, kimojawapo cha Karel De Gendt na Guido Verhoeven huko Leuven, Ubelgiji, vilitoa matokeo ya panya waliokatwa jeni ya kipokezi hiki katika seli za Sertoli peke yake. Kwa nje walikuwa madume wasio na dosari, na korodani zao zilishuka kama kawaida. Idadi ya seli zao za Sertoli haikupungua. Lakini korodani zilikuwa ndogo, na ndani ya mirija seli zilizokuwa zikigawa kromosomu zilifika katikati ya kazi hiyo na kukwama. Chache mno zilivuka. Panya hao hawakuweza kuzalisha.

Kazi hiyo ya kugawa kromosomu, ambayo wanabiolojia huiita meiosisi, ndiyo inayoifanya seli yenye kromosomu 46 za binadamu itoe mbegu zenye kromosomu 23 kila moja. Nao ni wakati wa hatari. Seli zinazopita hapo hupata sura mpya ambayo kinga ya mwili, iliyojifunza kuwatambua wenyeji tangu utotoni, haijawahi kuiona, kwa kuwa mbegu huanza kutengenezwa baada ya balehe. Kwa hiyo seli za Sertoli hushikana ubavu kwa ubavu kwa mishono iliyobana kiasi kwamba damu na askari wake wa kinga hawaoni kilicho upande wa pili. Tatizo ni kwamba seli changa inayotoka ukutani lazima ivuke mishono hiyo pasipo ukuta kuvuja. Walezi hulitatua kwa kushona mshono mpya chini ya seli inayovuka kabla ya kuufumua ule wa juu, kama wafanyavyo watu wenye malango mawili ambao hawafungui la mbele mpaka la nyuma limefungwa. Protini mojawapo ya kushonea mishono hiyo, klaudini 3, hutegemea kipokezi cha androjeni: katika panya waliokosa kipokezi ndani ya seli za Sertoli hupungua, na ukuta huanza kuvuja.

Baada ya hapo kuna mambo mawili yanayoonekana kupingana. Seli ya mviringo inapoanza kurefuka na kuota mkia, mlezi huishika kwa nguvu ya pekee. Testosteroni ikiondolewa, seli hizo hubanduka kabla ya wakati na kupotea. Kisha mbegu ikishakomaa, mlezi huyo huyo anatakiwa kuiachilia iende zake; testosteroni ikikosekana, mbegu iliyokamilika hung'ang'aniwa na hatimaye humezwa na seli iliyoilea. Kipokezi kimoja, basi, kinahitajika katika kushika na katika kuachia. Fumbo hilo hupungua ukijua kwamba kazi haifanyiki kwa wakati mmoja katika mrija wote. Kila kipande cha mrija kina zamu yake, na katika panya buku imeonekana kwamba kiasi cha kipokezi katika seli za Sertoli hupanda na kushuka kufuata zamu hizo, kikifikia kilele karibu na hatua ambazo mishono huvukwa na mbegu zilizoiva kuachiliwa.

Mfano mwingine wa nguvu ya kipokezi uko kwa watoto wachanga wa kiume, na kila mzazi amewahi kuushika mikononi bila kujua. Katika miezi michache ya kwanza baada ya kuzaliwa, korodani za mtoto hutoa testosteroni nyingi, wakati mwingine kukaribia kiwango cha kijana aliyebalehe. Mbona hatoi mbegu? Kwa sababu katika umri huo seli zake za Sertoli karibu hazina kipokezi cha androjeni. Huanza kuonekana taratibu baada ya mwaka wa kwanza na kuzidi kadiri utoto unavyoendelea, na balehe inapoingia na kupandisha testosteroni kwa mara nyingine, safari hii inawakuta walezi wakiwa tayari. Homoni ni ile ile; kilichobadilika ni mpokeaji.

Tumrudie sasa kijana wa jimu, ambaye vipokezi vyake havina kasoro yoyote. Kwake lililoharibika ni kiasi cha homoni kinachovifikia. Testosteroni iliyo ndani ya korodani, kwa kuwa hutengenezwa papo hapo pembeni mwa mirija, huwa makumi ya mara, hata kufikia mara mia, ya ile inayozunguka katika damu. Seli za Leydig huitengeneza kwa amri ya homoni iitwayo LH, itokayo katika tezi ya pituitari chini ya ubongo. Tezi hiyo nayo hupima testosteroni ya damu: ikiona imezidi, hupunguza amri. Anayejidunga hujaza damu. Pituitari huona neema na kunyamaza. Seli za Leydig, zisipoamriwa, huacha kazi. Damu inafurika huku korodani ikikauka. Wanaume waliodungwa miligramu 200 za testosteroni enanthati kila wiki kwa ajili ya utafiti walipimwa majimaji ya ndani ya korodani, ikaonekana kwamba testosteroni humo ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya asilimia 90. Misuli, ngozi, ndevu na hamu ya tendo la ndoa vina vipokezi vinavyosomea damu, hivyo vyote vinaendelea kustawi. Seli za Sertoli, zilizozoea mkondo mzito wa jirani, hubaki na matone.

Jambo hili ni la hakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lilijaribu kulitumia kama njia ya uzazi wa mpango. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1990, wanaume 271 katika nchi 7 walidungwa dozi hiyo hiyo ya miligramu 200 kwa wiki; 157 kati yao walifikia hali ya kutokuwa na mbegu kabisa na kuendelea kuitegemea sindano hiyo peke yake, na katika jumla ya miezi 1,486 ya kufuatiliwa ilipatikana mimba 1. Kile ambacho kijana wetu anakidunga ili awe dume zaidi ni kile kile ambacho madaktari walikipima kama kinga ya mimba.

Lugha yetu ilikwisha kuona tofauti hii zamani. Hanithi ni mwanamume asiyeweza tendo, mgumba ni asiyezaa, na mtu anaweza kuwa mmoja wao bila kuwa mwingine. Matangazo ya dawa za nguvu za kiume, yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme na kusambazwa katika simu, huyachanganya mawili hayo kwa makusudi na kuahidi nguvu na watoto kwa chupa moja. Aliye na nguvu tele naye huamini kwamba hawezi kuwa na kasoro ya uzazi, na neno tasa hutupiwa mkewe kabla yeye hajapimwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba katika maisha yake, na hesabu hiyo haibagui mume wala mke.

Wapo wanaume ambao kwao kasoro imo katika kipokezi chenyewe. Jeni yake, iliyotambuliwa mwaka 1988, iko katika kromosomu X, ambayo mwanamume huipata kwa mama yake tu. Kwa hiyo chombo hiki, ambacho pasipo hicho hakuna ubaba, kila mwanamume amekirithi kwa mamaye. Kikiharibika kabisa, mtoto mwenye kromosomu X na Y huzaliwa na kukua na mwili wa kike, huku ana korodani tumboni na testosteroni ya kutosha katika damu. Daktari wa Marekani John Morris alikusanya maelezo ya watu 82 wa namna hiyo mwaka 1953, kabla hata protini yenyewe haijajulikana. Kikiharibika kidogo, mwili unaweza kuwa wa kiume usio na tofauti ya kuonekana, na dalili pekee ikawa mbegu chache au kutokuwepo kwa mbegu. Hao ni sehemu ndogo ya wanaume wagumba, lakini wapo, na dokezo moja kwa daktari ni kuona testosteroni na LH vyote viko juu kwa pamoja, kana kwamba pituitari inapaza sauti kwa sababu haisikii jibu.

Ndani ya jeni hiyo kuna pia kipande ambapo herufi tatu za DNA, CAG, zimerudiwa mfululizo, mara nyingi kati ya 9 na 36. Kadiri marudio yanavyozidi, kipokezi hulegea kidogo katika kuwasha jeni, na tafiti kadhaa zimeona kwamba wanaume wagumba wana marudio mengi kidogo kwa wastani. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumpa mtu mmoja jibu, na nisingemshauri yeyote alipie kipimo chake kwa sababu hiyo pekee. Marudio yakipita 38 hivi mambo ni mengine: hutokea ugonjwa wa Kennedy, ambao hudhoofisha misuli taratibu katika utu uzima, na ambao huweza pia kusinyaza korodani na kupunguza mbegu, ingawa wengi huwa wamekwisha kupata watoto.

Kipokezi cha androjeni hakiko peke yake, japo uzito wake hauna mfano. Seli za Sertoli zina kipokezi kingine, cha FSH, homoni nyingine itokayo katika pituitari, nacho kwa miaka mingi kilidhaniwa kuwa cha lazima sawasawa na hiki. Mwaka 1997 watafiti wa Finland walieleza juu ya wanaume watano waliozaliwa na kipokezi cha FSH kisichofanya kazi: mbegu zao zilikuwa na upungufu wa viwango tofauti, lakini wawili kati yao walikuwa na watoto. FSH huongeza idadi ya walezi na bidii yao. Androjeni ndiyo inayoamua kama kazi itafika mwisho.

Kutokana na haya tunaweza kuelewa tabia mbili za madaktari wa uzazi zinazowashangaza wagonjwa. Ya kwanza ni kukataa kumpa testosteroni mwanamume anayetafuta mtoto, hata kama kipimo chake cha damu kiko chini. Mahali pake, ikiwa tatizo ni pituitari kutotoa amri, humpa homoni ya hCG, inayoigiza LH na kuziamuru seli za Leydig zitengeneze testosteroni palipo na walezi wake; baadaye huweza kuongeza FSH. Ya pili ni kuchelewesha kipimo. Anayeacha sindano leo hawezi kuona mabadiliko wiki ijayo, kwa kuwa kwanza pituitari lazima iamke, kisha seli za Leydig, kisha seli ya kwanza itakayoondoka ukutani ina siku 74 za kutembea, na siku nyingine kadhaa za kupita katika mrija mrefu ulio nyuma ya korodani. Uchambuzi wa mwaka 2006, uliokusanya tafiti za uzazi wa mpango kwa sindano za homoni kwa wanaume, ulikadiria kwamba asilimia 67 hurudia mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi 6 baada ya kuacha, asilimia 90 ndani ya miezi 12, na wote ndani ya miezi 24. Waliojidunga kwa miaka, kwa dozi kubwa na kwa mchanganyiko wa dawa zisizojulikana asili yake, huweza kungoja zaidi. Kijana mwenye karatasi mbili, kwa hiyo, huambiwa aache sindano na arudi baada ya miezi mitatu, na katika miezi hiyo kipimo cha damu kinaweza kushuka chini ya kawaida kabla karatasi ya shahawa haijaanza kuonyesha mbegu za kwanza.